Piga Hodi Kabla ya Kipaza Sauti

Ilikuwa Ramadhani ya 2020, siku chache baada ya serikali ya Kenya kutangaza, tarehe 6 Mei, kwamba Mji wa Kale wa Mombasa na mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi vimefungwa: haingii mtu, hatoki mtu. Alasiri hiyo gari lenye kipaza sauti lilisimama barabara kuu, maana vichochoro vyetu havipitiki kwa gari. Sauti ikawa inatufikia vipande vipande, inagonga ukuta huu na kurudi na ule. Bibi jirani yetu, aliyekuwa kibarazani akipepeta mchele wa futari, akanigeukia.

"Mwanangu, wanenani hawa?"

Nikamweleza: atakayepimwa akakutwa na korona atapelekwa karantini.

"Karandinga?" akauliza, ungo umesimama mikononi.

Karandinga ni lile lori la polisi la kubebea washukiwa. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwa sababu bibi hakuwa amekosea sana. Kafyu ilianza saa moja usiku na waliokuwa wakiisimamia ni askari. Siku yake ya kwanza, 27 Machi, abiria wa kivuko cha Likoni walipigwa na kurushiwa vitoza machozi. Tena waliopelekwa karantini siku za mwanzo walitakiwa kujilipia malazi na chakula. Kwa mzee anayesikia habari kwa mbali, karantini na karandinga zilikuwa gari moja. Kesho yake wapimaji walipofika, mlango wake ulikuwa umekomewa kwa ndani.

Sisi watu wa pwani tuna adabu ya kuingia nyumba ya mtu. Unasimama nje, unapiga hodi, unangoja. Usipojibiwa unarudia, mpaka mara tatu. Ukikosa jibu unakwenda zako kwa amani. Hodi inafanya mambo mawili: inamjulisha mwenyeji kuwa upo, na inamwachia yeye uamuzi wa kukukaribisha. Kipaza sauti kinafanya la kwanza tu.

Makala haya nimemwandikia yeyote mwenye mtaa wa watu mchanganyiko: mzee wa mtaa, mhudumu wa afya ya jamii, imamu, mchungaji, mwalimu, mwenyekiti wa chama cha akina mama, hata kijana anayesimamia kundi la WhatsApp la vijana wenzake. Korona ilipita, lakini maradhi ya kuambukiza hayajaisha. Mwishoni mwa Julai 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa mpox nchini, aliyegunduliwa mpakani Taveta. Kipindupindu nacho hakihitaji hata mwaliko. Ya kujiuliza ni mtaa wako utakutwa umejipanga vipi siku hodi nyingine itakapopigwa.

Jua nani yuko nyuma ya mlango

Mgeni akiutazama Mji wa Kale huona watu wa kanzu na buibui, akadhani ni watu wamoja. Humo wamo Waswahili wa Thenashara Taifa, Wabajuni, Washihiri waliotoka Hadhramaut, Wabaluchi, Mabohora wenye jamaa yao na uongozi wao, Wasomali, Wamijikenda, Wakamba, na vijana wa Burundi wanaouza njugu kwa kuzunguka. Islii, ndiyo Eastleigh, nako ni hivyo hivyo. Nje panaitwa kwa Wasomali, lakini ndani wamo pia Waoromo, Wameru wa biashara ya miraa, Wakikuyu, na wakimbizi ambao baadhi yao karatasi zao zina matatizo.

Anza na daftari. Pita nyumba kwa nyumba wakati hakuna ugonjwa wowote, ukiwa na maswali matatu tu. La kwanza: mkisikia jambo kubwa, mnamwuliza nani kama ni kweli? La pili: mtu wa hapa akishikwa na maumivu usiku, hulia kwa lugha gani? La tatu: humu ndani kuna nani asiyetoka, kama mzee, mja mzito, mlemavu, au binti wa kazi aliye mbali na kwao?

Majibu ya swali la kwanza yatakushangaza. Si kila mara utatajiwa chifu au imamu mkubwa. Utatajiwa mama anayeuza mahamri, kwa sababu alfajiri kila mtu hupita kwake. Utatajiwa kinyozi, mkunga, ustadhi wa madrasa, dada anayeshika pesa za chama. Hao ndio midomo ya mtaa. Wapange kwenye ukurasa wao.

Kuna na ya kutoandika. Usiandike namba ya kitambulisho, wala nani ana kibali na nani hana, wala nani anaumwa nini. Daftari lako likiangukia mikono isiyofaa, lisiweze kumdhuru hata mtu mmoja. Ukishaonekana unakusanya siri za watu, hutapiga hodi tena ukaitikiwa.

Kiswahili hakitoshi, tena si kimoja

Tunajivunia kwamba Kiswahili hutuunganisha, na ni kweli. Lakini kujua kununua sukari kwa lugha fulani ni kitu kimoja, na kuielewa habari ya kifo kwa lugha hiyo ni kingine.

Somo kubwa linatoka mashariki mwa Congo. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018 na haikumalizika rasmi mpaka 25 Juni 2020, baada ya wagonjwa 3,470 na vifo 2,287. Chanjo ilikuwepo. Wataalamu walikuwepo. Lakini baadhi ya matangazo yalikuja kwa Kifaransa, au kwa Kiswahili cha vitabuni, kwa watu ambao nyumbani huzungumza Kinande na sokoni huzungumza Kiswahili chao cha Beni na Butembo. Mtu alilisoma bango, akazijua herufi zote, na akaondoka hajui anachotakiwa kufanya.

Nasi huku tusijione. Chukua kile kitambaa cha kuziba mdomo na pua. Watanzania walikiita barakoa, sisi Mombasa tukakiita maski, na Wacongo wengi wakasema kashne. Sasa mwambie bibi wa pwani avae barakoa: yeye atakumbuka kile kifuniko cha uso walichokuwa wakivaa mabibi wa Kiarabu zamani, na atakuuliza kwani anaolewa Maskati?

Basi fanya hivi. Ukishatoa maelezo, usimwulize mtu, "Umeelewa?" Adabu itamjibia, naye atasema ndiyo. Mwambie, "Nikiondoka hapa, dada yako akikuuliza nilisema nini, utamwambiaje?" Msikilize. Pale atakapobabaika ndipo maneno yako yalipopinda. Tengeneza maneno yako na mwache yeye alivyo.

Tumia sauti kuliko karatasi. Ujumbe wa sauti wa dakika moja, kwa Kisomali au Kioromo au Kigiriama, kutoka kwa mtu ambaye wasikilizaji wanamjua kwa jina, hufika mbali kuliko rundo la vipeperushi. Mtu huyo aanze kwa kusema yeye ni nani na leo ni tarehe ngapi, ili ujumbe wa mwezi jana usizunguke tena mwezi ujao ukawapotosha watu. Wasiosikia watafutie mtu wa lugha ya alama mapema, maana wao hata kipaza sauti chenyewe hakikuwahi kuwahusu.

Jambo moja zaidi: usimfanye mtoto kuwa mkalimani wa habari nzito. Ni rahisi, kwa sababu mtoto wa shule ndiye anayejua lugha zote nyumbani. Lakini mtoto wa miaka kumi na mmoja hapaswi kuwa mtu wa kumwambia mamake kwamba vipimo vimetoka vibaya. Na mara nyingi hatamwambia. Atatia maneno yake mwenyewe, kwa huruma.

Jibu swali asilokuuliza

Anayesema "korona haipo" mara nyingi anasema kitu kingine. Mmoja anasema: nikifungiwa siku kumi na nne, nani atalipa kodi? Mwingine: nikifa huko, nitaoshwa na nani? Wa tatu: mlikuwa wapi maji yalipokatika miezi mitatu, leo mmejua njia ya kwetu?

Butembo na Beni walikuwa na swali lao. Desemba 2018 nchi ilipopiga kura ya rais, kura yao iliahirishwa mpaka Machi, na sababu walizopewa ni Ebola na usalama. Wakati wa kura hiyo kuhesabiwa ukawa umeshapita. Watu wakajiuliza: mbona sokoni na kanisani tunakusanyika, kwenye kura tu ndipo pana ugonjwa? Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Sisemi mashambulio yalikuwa na sababu moja. Nasema mtu aliyekwisha kuhisi ametapeliwa hawezi kutulizwa kwa kuambiwa anawe mikono.

Kwa hiyo ukikutana na uvumi, usicheke na usigombe. Uliza: "Hilo umelisikia wapi, na lipi ndani yake linalokutia hofu?" Hofu ikiwa ya gharama, lete jibu la gharama. Ikiwa ya jela, sema wazi kama askari watahusika au hawatahusika. Na kama hujui, sema hujui na uahidi siku ya kurudi. Kisha rudi siku hiyo hiyo, hata kama mikono ni mitupu. Ahadi ndogo iliyotimizwa ndiyo itakayokubebea ujumbe mkubwa.

Mwambie abaki ndani, kisha muulize atakula nini

Mji wa Kale ulifungwa Ramadhani ikiwa katikati, ukapita Idi ukiwa umefungwa. Ndio mwezi ambao muuza viazi karai, mshona kanzu na mpishi wa mikate ya sinia hupata pesa za miezi iliyo mitupu. Kumwambia mtu wa kibarua cha kutwa "kaa nyumbani" bila neno la pili ni kumtaka achague kati ya ugonjwa wa kesho na njaa ya leo, naye atachagua kama ambavyo ningechagua mimi.

Misaada ilikuja, na baadhi ilikuwa mizuri. Lakini nilishuhudia mfuko wa maharagwe makavu ukipewa mzee anayeishi peke yake ghorofani, hana makaa, na maji anapandishiwa kwa mtungi. Maharagwe yanataka moto wa saa mbili. Alimpa jirani, jirani akampikia, na hapo ule umbali tuliokuwa tukiuhubiri ukavunjwa na mfuko wetu wenyewe.

Hata nchi tajiri ziliteleza hapo. Tarehe 4 Julai 2020, Melbourne, Australia, majumba tisa marefu ya serikali katika Flemington na North Melbourne yalifungwa ghafla, na polisi wakasimama milangoni. Ndani walikuwamo watu wapatao 3,000, wengi wao wahamiaji na wakimbizi, wakiwemo Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na Wasudani. Saa za mwanzo wakalimani hawakutosha, na wapo waliopelekewa chakula ambacho Mwislamu hawezi kukila. Waliookoa hali walikuwa majirani na vikundi vya jamii, vilivyojua nani ana mtoto mchanga na nani anatumia dawa za sukari. Desemba ya mwaka huo mchunguzi wa malalamiko ya umma wa jimbo la Victoria, Deborah Glass, alitoa ripoti kwamba kufungwa huko kwa papo hapo kulikwenda kinyume na sheria ya jimbo ya haki za binadamu.

Ukipanga msaada, anza na maswali ya jikoni: Mnapika nini? Mnapikia nini, gesi, makaa au mafuta ya taa? Nani humu hali chumvi au sukari? Kuna mtoto wa chupa? Penye uwezekano, tuma pesa kwa simu, mtu ajichagulie. Na usipige picha mtu akipokea unga. Anayelishwa mbele ya kamera leo, kesho atajificha ukimtafuta kwa jambo la afya.

Mgonjwa aonekane, maiti asitiriwe

Kitu kilichowatisha watu wetu kuliko kifo ni kufa mbali na wao. Congo walipata njia: shirika la ALIMA lilileta vyumba vya matibabu vyenye kuta za plastiki angavu, jamaa wakaweza kusimama nje na kumwona mgonjwa wao, kumpungia mkono na kusema naye. Mtaa wako hauna vyumba hivyo, lakini simu zipo. Mtu akipelekwa kutengwa, hakikisha ameondoka na chaja, salio, na jina la mtu mmoja wa nyumbani atakayepewa habari kila siku saa ile ile. Habari ya "hakuna mabadiliko" nayo ni habari. Kimya ndicho kinachozaa hadithi za watu kuuzwa viungo.

Kuhusu mazishi, zungumzeni kabla hakujafa mtu. Mwaka 2014, Ebola ilipokuwa Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilikaa na viongozi wa dini na likatoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima. Kwa Mwislamu ambaye mwili wake hauwezi kuoshwa pana tayamamu, yaani kutakasa kwa udongo badala ya maji, inayofanywa na Mwislamu aliyefunzwa kazi hiyo, na sanda ina mahali pake. Sheria ya dini ilikuwa na mlango huo tangu zamani. Kilichotakiwa ni mtu wa kuubisha. Waulize masheikh, mapadri, wazee wa kaya na viongozi wa jamaa za Kihindi katika mtaa wako: kipi hakiachiki kabisa, na kipi kinaweza kusubiri? Andika majibu. Siku ya msiba hakuna mwenye subira ya semina.

Usiupe ugonjwa kabila

Kutangaza mitaa yenye wagonjwa wengi kuna faida, kwa sababu huduma hujua pa kwenda. Lakini neno likitoka kinywani halirudi. Baada ya tangazo la Mei 2020, nilimwona dereva wa tuktuk akimkagua abiria juu mpaka chini kabla ya kumpakia: "Wewe watoka Mji wa Kale?" Abiria akakana kwao. Watu wa Islii walikataliwa zaidi, kwani jina la Msomali lilikuwa tayari limebebeshwa mizigo mingine kabla ya korona.

Aibu huficha wagonjwa, na mgonjwa aliyefichwa huambukiza nyumba nzima. Ndiyo sababu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri maradhi mapya yasipewe majina ya mahali, watu au wanyama, na mwaka 2022 jina la homa ya nyani likabadilishwa kuwa mpox. Katika kundi lako la WhatsApp weka kanuni moja: taja dalili, taja kituo cha afya, usitaje kabila wala nyumba. Anayeivunja aambiwe faraghani na mtu wa jamii yake mwenyewe. Karipio likitoka kwa mgeni, litaonekana ugomvi wa makabila.

Mjumbe hubeba pande zote mbili

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuwatafuta viongozi wa jamii siku tangazo limekwisha kuandikwa, kisha kuwaomba walisome tu. Hapo umemgeuza sheikh kuwa kipaza sauti chenye kilemba. Imani ya watu kwake ni akiba aliyoiweka kwa miaka, nawe unaitoa yote kwa siku moja.

Wakae mezani kabla uamuzi haujafungwa. Wakisema "hapa hapatawezekana," uliza kwa nini, na uwe tayari kubadilisha saa, mahali au utaratibu. Wapimaji wakija saa ya kufuturu, au mwanamume akitumwa peke yake kwenye nyumba ya mjane aliye edani, katika siku zake za kukaa baada ya kufiwa na mume, mlango utafungwa, na hautafungwa kwa ujinga. Na wewe uliye mjumbe, ukitoka kwenye mkutano na wakubwa, rudi ukawaambie wenzako ulisema nini kwa niaba yao, na ukajibiwa nini.

Walipe pia. Kenya ilikaa miaka mingi ikitegemea wahudumu wa afya ya jamii wanaojitolea, mpaka 2023 ndipo takriban 100,000 walipotambuliwa kwa mpango wa taifa wenye posho. Mtaani kwenu hamna bajeti ya taifa, lakini nauli na salio la simu si jambo la kumnyima mama anayezunguka vyumba sitini juani. Na wale walioosha maiti au kubeba habari za vifo, watafutie mtu wa kukaa nao jioni. Nao ni watu.

Anza na dogo, anza sasa

Usingoje tangazo lingine. Mwezi huu tafuta watu watano kutoka jamii tano za mtaa wako, mkae mahali pasipo pa mmoja wenu, mle kitu pamoja. Chagueni jambo dogo lenye faida kwa wote, kama kusafisha mtaro au kutibu maji kabla ya mvua za masika. Mtakaposhindana juu ya nani alete chepeo ndipo mtakapojua nani hutimiza ahadi, nani husikilizwa na vijana, na lugha ipi ilisahaulika. Siku ya ugonjwa mkubwa mtakuwa na namba za simu zinazopokelewa.

Chanjo ya korona ilianza kutolewa Kenya Machi 2021. Bibi jirani yetu hakutaka kuisikia. Mwaka huo alijiwa na binti wa mkunga aliyewapokea wajukuu zake; binti huyo sasa alikuwa mhudumu wa afya. Alipiga hodi, akakaa kibarazani, wakazungumza habari za presha na za ndoa za watu, akaondoka. Wiki iliyofuata vile vile. Mara ya tatu bibi ndiye aliyeanza.

"Hiyo sindano yenu, ile gari itakuja?"

"Gari haiji, bibi. Tutakwenda kwa miguu, mimi na wewe."

Bibi akaweka ungo chini, akamwita mjukuu amletee buibui.